Kitabu Juu ya Kabati

Mafundi wenzake walimwita Sisimizi, na hawakumsingizia. Mtu yule hakujua kukaa. Chakula alikula amesimama, sahani kiganjani, macho dirishani. Simu aliongea huku akiizunguka meza. Kinyozi wake alilalamika kwamba kumnyoa yeye ni kama kumnyoa mbuzi aliyeiona njia ya malishoni. Kwa bahati Mungu alimpa kazi iliyomfaa: alikuwa fundi wa lifti, kutwa juu na chini, jengo hili na lile, na jioni akirudi nyumbani bado ana miguu ya kutafuta balbu ya kubadilisha.

Siku alipoteleza kwenye grisi juu ya paa la lifti akavunjika kifundo cha mguu, watu hawakumhurumia yeye. Walimhurumia mkewe.

"Utakaa naye vipi ndani, dada yangu?" jirani aliuliza.

"Sijui," mke alisema. "Labda nimfunge na huo mguu wa pili."

Mke alikuwa muuza dawa, mwenye duka la kufungua asubuhi na kufunga jioni, na mzigo alikuwa nao tayari. Mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu, alikuwa amekuja kufanyiwa upasuaji wa jicho. Jicho la pili lilikuwa limechoka siku nyingi, likiona ukungu na vivuli tu. Tegemeo lote lilikuwa hili moja, na sasa lilikuwa chini ya bendeji nene nyeupe. Daktari alitoa masharti yake mlangoni, kidole juu: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asilipikiche jicho, na kama inawezekana, asilie.

"Nilie nini tena kwa umri huu?" mama alijibu. "Yangu nilishalia yote."

Basi watoto wakiwa shule ya bweni, na mke yuko dukani, nyumba ilibaki na watu wawili: mwenye macho asiye na mguu, na mwenye miguu asiye na macho. Tena mtu na mkwewe. Siku za kwanza Sisimizi aliteseka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mguu ulimwasha ndani ya plasta, mahali ambapo hata sindano ya kufumia haikufika. Alikwenda dirishani kwa magongo, akarudi, akaenda tena. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo la ghorofa saba ambalo lifti yake alikuwa akiihudumia mwenyewe, na sasa aliwaona watu wakitokea ngazini wakihema, mikono viunoni.

"Imekwama tena!" alifoka. "Yule waliyempa nafasi yangu hajui hata kurekebisha breki!"

"Mwanangu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi, "hayo magongo yako yananigonga kichwani. Kaa chini."

"Nimekaa, Mama."

"Nina macho mabovu. Masikio ni mazima."

Alikaa. Baada ya dakika akawa anapigapiga meza kwa vidole. Mama mkwe alipapasa kando yake, akachomoa kitabu kinene kisicho na jalada, kilichoshonwa ubavuni kwa uzi wa cherehani.

"Kama mikono yako inataka kazi, nisomee."

Sisimizi alikitazama kile kitabu kama mtu anayetazamwa na mbwa asiyemjua. Riwaya ya zamani! Tena ya zamani kweli, iliyoandikwa ughaibuni kabla babu zake hawajazaliwa, ikatafsiriwa, ikapigwa chapa kwa herufi ndogo kama chawa. Yeye na vitabu vya namna hiyo walikuwa wameachana vibaya. Shuleni riwaya ilikuwa maiti: unakabidhiwa, unaambiwa uipasue, utaje dhamira, utaje mhusika mkuu, utaje tamathali za usemi, kisha baada ya mtihani unaizika. Na mwalimu wake alikuwa na fimbo kwa kila dhamira iliyokosekana. Alimaliza masomo akiamini kwamba vitabu hivyo viliandikwa na watu wasio na kazi, na vinatunzwa na watu waliokwisha kuteswa navyo ili na wenzao wateseke.

Lakini mama mkwe hakataliwi. Alifungua, akaanza.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke mwenye kinu cha kusagia nafaka, kinu kinachozungushwa na maji ya mto. Sura ya kwanza ilikuwa mto mtupu. Mto, na ukungu, na babu wa babu wa mwenye kinu. Sisimizi alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme. Alipoona aya ndefu inakuja, aliiruka kimyakimya kama anavyoruka dimbwi.

"Umeuruka ukungu," mama mkwe alisema.

"Ukungu gani, Mama?"

"Pale asubuhi, mtoni. Kulikuwa na ukungu. Rudi."

Akarudi kwenye ukungu, moyoni akilaani. Aliapa kwamba kesho atajifanya koo linamuuma. Akaendelea kuburura maneno hadi kwenye mazishi ya baba wa mwenye kinu, na hapo kaka mkubwa wa yule mwanamke akatokea, akiwa amevaa koti la huzuni na ndani ya mfuko wa koti amebeba kufuli mpya.

Sisimizi alinyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Alikuja na nini?"

"Si umesoma mwenyewe?"

"Mazikoni, Mama? Na kufuli?" Sisimizi aliusogelea ukurasa. "Baba yake hajafukiwa, yeye ana kufuli ya mlango wa kinu! Huyu namjua! Huyu ni baba yangu mdogo mtupu, walichobadilisha ni koti!"

"Soma basi uone."

Akasoma. Mke aliporudi jioni alikuta taa haijawashwa, chakula hakijapashwa moto, na mumewe ameinamia kitabu karibu na dirisha akiwinda mwanga wa mwisho. Amekaa. Mke alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi, akadhani mtu ana homa.

Tangu siku hiyo wakawa na ratiba. Asubuhi, mke akishatia dawa kwenye jicho la mama yake na kuondoka, walianza. Mama mkwe aliweka sharti moja.

"Kitabu hiki tunakula sahani moja. Ukijisomea mbele bila mimi, umeniibia."

"Mimi tena, Mama? Niibe kitabu?"

Lakini ile hali ya kutotulia haikumtoka. Ilihama tu, ikatoka miguuni ikaingia kifuani. Alikuwa akisoma huku anatikisa kichwa, anaguna, anamtukana kaka wa mwenye kinu matusi ambayo hakutakiwa kuyatamka mbele ya mkwe, kisha anaomba radhi, kisha anatukana tena. Kulikuwa na mhusika mmoja aliyemwingia zaidi: kibarua wa kinu, mtu mwenye kigugumizi, aliyempenda mwenye kinu na kila alipotaka kumwambia, neno likakwama kooni mpaka yule bibi akaitwa kwingine. Sisimizi na mama mkwe walimwita Kigugumizi tu, kama jirani.

"Leo atasema," Sisimizi alikuwa akisema kila asubuhi.

"Haya," mama mkwe alikuwa akijibu.

Basi alasiri moja, mama mkwe akiwa amelala kidogo baada ya chakula, Sisimizi alishindwa. Walikuwa wameacha mahali pabaya: mvua imenyesha mfululizo, mto umefura, lango la kuzuia maji limekwama, na kinu kinatikisika. Mtu wa kawaida angewezaje kungoja? Alijiambia atachungulia ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja ukavuta wa pili, na wa pili ukavuta wa tatu.

Kigugumizi aliingia majini kulifungua lango kwa mikono. Alilifungua. Kinu kikapona. Mwenye kinu akakimbilia ukingoni, na Kigugumizi akainua kichwa kutoka kwenye maji, akaita jina lake mara moja, zima, bila kukwama popote. Kisha mto ukamchukua.

Sisimizi alifunga kitabu. Alitaka kusimama, mguu ukakataa. Alitaka kwenda dirishani, magongo yakaanguka kwa kishindo na mama mkwe akaguna usingizini. Alibaki pale pale, mtu mzima, fundi wa lifti, akililia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na baada ya kujifuta uso kwa upindo wa shati ndipo alipomkumbuka daktari mlangoni, kidole juu. Asilie.

Mama mkwe alipoamka, akanywa maji, akajiweka sawa kwenye kochi. "Haya. Tulikuwa mtoni."

Sisimizi alikohoa. Alisoma mvua, alisoma lango, alisoma mikono ya Kigugumizi chini ya maji. Kisha sauti ikabadilika kidogo. "Mto ukamvuta," alisema, "lakini kwa bahati kulikuwa na... kulikuwa na tawi. Tawi kubwa la mti. Akalishika. Akapanda nalo hadi ukingoni, akakohoa maji, akawa mzima."

Mama mkwe aliinua kidole.

"Rudia hapo," mama mkwe alisema.

"Akalishika tawi..."

"Hakuna tawi."

"Lipo, Mama. Limeandikwa."

"Mwanangu, mimi nimemlilia mtu huyu nikiwa msichana, nikamlilia nikiwa na mimba ya mkeo, nikamlilia tena mwaka niliofiwa na mume. Mto ule naujua kuliko barabara ya kwetu. Hakuna tawi."

Sisimizi aliona aibu hadi masikio yakawaka. "Daktari alisema usilie, Mama."

Yule mama aligeukia upande wa sauti yake. Kisha uso wake wote chini ya bendeji ukalegea, akacheka polepole. "Kumbe ndiyo sababu. Na mimi nikadhani umevuta bangi." Akapapasa hewani hadi akaupata mkono wake, akaupiga kofi dogo. "Halafu umeniibia. Umesoma mbele."

"Nisamehe, Mama."

"Nisomee kama kilivyo. Nikilia, nitalia na jicho la zamani. Hili jipya nitaliambia lisisikilize."

Akasoma kama kilivyo. Alipofika kwenye lile jina lililotoka zima bila kukwama, ni sauti yake yeye iliyokwama, akajaribu mara mbili, ikakataa. Mama mkwe akalimalizia jina lile kutoka kichwani, taratibu. Na hapo ndipo mke alipofungua mlango, akiwa amefunga duka mapema, akamkuta mama yake ameshika mkono wa mumewe na wote wawili mashavu yamelowa.

Mfuko ulimdondoka. "Nani amekufa?"

"Kigugumizi," Sisimizi alisema.

"Nani?"

"Yule kibarua. Wa kinu."

Mke alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akakiona kitabu. Ilimchukua muda kuelewa. Na alipoelewa, walitamani asingeelewa.

"Mama! Jicho limegharimu usingizi wangu wa mwezi mzima, na wewe unalilia watu wa kitabuni? Na wewe baba watoto, mtu mzima! Nimekuachia mgonjwa, unamliza!" Alikinyakua kitabu. "Mpaka daktari aseme."

Akaenda nacho chumbani, wakasikia kiti kikiburuzwa, kisha kitu kikiwekwa juu. Juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kama foleni. Sisimizi alikwenda dirishani, akarudi. Alipanga vijiko. Alijaribu redio, watu wakabishana kuhusu mpira, akaizima. Kilichomuudhi ni kwamba Kigugumizi alishakufa, basi, hilo limekwisha, lakini kaka mwenye kufuli alikuwa bado yuko hai, na kesi ya kinu ilikuwa inakwenda kwa hakimu, na yeye hajui hakimu ni mtu wa namna gani!

"Niambie tu, Mama. Kinu anakipata nani?"

"Sisemi."

"Neno moja. Yeye au kaka?"

"Nikikuambia, nimekuibia mimi sasa." Mama mkwe naye alikuwa akikunjakunja pindo la kanga, akilikunjua. "Mwanangu, kabati hilo ni refu kiasi gani?"

Walitazamana, kama neno hilo linafaa kwa watu hao wawili.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Sisimizi alisema. "Wa juu ya kabati hawakumwachia methali."

"Atapanda kiti. Mimi nitakishika."

"Chumbani kwetu, Mama? Utaingia?"

"Mimi sioni. Mtu asiyeona hajaingia mahali."

Wakaenda, yeye mbele na gongo moja, mama mkwe nyuma ameshika shati lake. Alikipapasa kiti, akakibana kwa mikono miwili na goti. Sisimizi alipanda kwa mguu mzima, akauacha wa plasta ukining'inia, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke akajisikia yuko kazini. Alisukuma sanduku la kwanza, akasukuma la pili, akanyoosha mkono, vidole vikagusa uzi wa cherehani.

"Nimekipata!"

"Shuka polepole."

Angeshuka polepole kama angekuwa mtu mwingine. Lakini alikifungua palepale juu ya kiti, atazame jina la hakimu tu, na sanduku la pili, lililokuwa limebaki ukingoni, likaamua kuteremka. Alilikwepa. Hamadi! Plasta ikagonga mlango wa kabati, ikalia kama kikombe cha udongo, na Sisimizi akajikuta sakafuni, amekaa, kitabu kifuani, nywele zimejaa vumbi la juu ya kabati.

"Umeumia?"

"Mimi mzima." Alitazama chini. Plasta ilikuwa imepasuka kuanzia kifundoni hadi karibu na goti. "Plasta si nzima."

"Na kitabu?"

"Kizima."

"Alhamdulillahi," mama mkwe alisema.

Mke alipopigiwa simu hakugomba. Hilo ndilo lililowatia hofu. Alifunga duka, akaja na teksi, akawapakia wote wawili, kwa kuwa na mama naye alikuwa na miadi ya kukaguliwa jicho wiki hiyohiyo na hakuona faida ya kulipa safari mbili. Hospitalini aliwakalisha kwenye benchi refu la ukutani, akaenda kwenye dirisha la kuandikisha, na alipogeuka akaona kile kitabu kikitoka ndani ya blauzi ya mama yake.

Akaenda kununua maji.

Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mtu mwenye mkono uliofungwa kwa kitambaa, mama aliyempakata mtoto mwenye homa, na mzee mmoja mlinzi, bado kavaa sare, aliyekuja na mgongo. Sisimizi alianza kwa kunong'ona. Hakimu alikuwa mtu wa kusinzia mahakamani, na kaka mwenye kufuli alikuwa amemletea bata wawili. Mwenye mkono alisogea. Mlinzi aliuliza, "Samahani, hao bata ni wa nini?" Sisimizi akamweleza kwa kifupi habari ya mazishi na kufuli. Mlinzi akasema, "Mshenzi mkubwa," akaomba asome kwa sauti kidogo, sikio moja ni zito.

Alisoma kwa sauti. Mashahidi wakaja mmojammoja. Mama mwenye mtoto alikuwa akimbembeleza kwa goti bila kuondoa macho kwenye kitabu. Na mwenye kinu alipoitwa kusimama mbele ya hakimu, akafungua mdomo, muuguzi naye akatokea na faili mkononi.

"Mgonjwa wa plasta! Fundi wa lifti!"

Benchi zima lilimtazama Sisimizi. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuondoka kwenye harusi ya rafiki yake kwa sababu bwana harusi amechelewa kidogo.

"Apite mwingine kwanza, dada," alisema bila kuinua kichwa.

"Ukipoteza zamu utakaa hadi jioni."

"Nitakaa."

Akakaa. Mwenye kinu alishinda kesi, na benchi likashangilia hadi muuguzi akatoa kichwa. Lakini kurasa za mwisho hazikuwa na shangwe: yule mwanamke alirudi kinuni, akafungua kufuli ya kaka yake, akasikiliza jiwe likizunguka asubuhi nzima, kisha akakiuza kinu kwa mtu wa mbali, akaondoka kando ya mto bila kugeuka.

"Ameuza?" Sisimizi aliligeuza jani la mwisho, akatazama nyuma yake, hakuna kitu. "Mama, ameuza! Baada ya yote yale? Mtu amekufa kwa ajili ya lango!"

"Wewe ungekaa pale?" mlinzi aliuliza. "Kila siku utazame maji yale?"

"Ningekaa!"

"Wewe?" alisema mke, ambaye alikuwa amerudi na chupa za maji na kusimama nyuma yao kwa muda ambao hawakuujua. "Wewe ungekaa mahali?"

Benchi lilicheka. Sisimizi hakucheka; alikuwa ameudhika kweli, na alibaki ameudhika alipokuwa akifungwa plasta mpya, akimweleza mfunga plasta makosa ya yule mwanamke mpaka akaambiwa atulize mguu. Alipewa wiki nyingine za kukaa ndani. Jicho la mama mkwe lilikaguliwa chumba cha pili, likaonekana linapona vizuri, halikudhurika na chochote, na daktari alipouliza kama masharti yamefuatwa, mke alitazama dari.

Bendeji ilipotolewa kabisa, mama mkwe alimtazama mkwewe kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kumbe umenenepa," alisema.

"Ni kukaa, Mama."

Mama mkwe alitaka kujisomea mwenyewe sasa, kwa jicho lake jipya na miwani ya kuazima. Kwenye mfuko wake wa safari kulikuwa na vingine viwili, vinene vilevile, vya watu waliokufa zamani zilezile. Alikitoa kimoja, akakaa nacho karibu na dirisha, akaanza kufungua kurasa kimya, midomo imefumba. Sisimizi alivumilia mpaka hapo uvumilivu wake ulipofika, na haukufika mbali. Alizunguka kochi mara moja kwa magongo. Akazunguka tena. Akasimama nyuma ya bega lake, akainama.

"Hiki kinaanza na nini, Mama?"

"Na theluji."

"Nyingi?"

"Kurasa kumi na moja."

Sisimizi alishusha pumzi, akavuta kiti, akakaa. "Haya," alisema. "Usiruke."

Mama mkwe akasogeza kitabu katikati yao.